Kutazama Maigizo na Dansi Atlanta: Mwongozo kwa Anayekaa Clarkston na Vitongoji vya Jirani

Jirani yangu, mama wa watoto watatu aliyezaliwa Uvira, alikaa Clarkston miaka sita bila kukanyaga ukumbi wa maigizo. Kwao alikuwa mwanakwaya, na kwenye harusi ndiye aliyekuwa akiitwa mbele ngoma ikikolea. Siku nilipomuuliza kwa nini hajawahi kwenda mjini kutazama dansi, nilitarajia atataja bei ya tiketi, au Kiingereza. Akaniuliza jambo moja tu: "Dada, na usiku nitarudije?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu, na ndiyo maana naanza na kurudi kabla ya kwenda. Nauandika kwa ajili ya sisi tunaosema Kiswahili tuliotawanyika hapa Atlanta, katika jimbo la Georgia kusini mwa Marekani: Wakongo na Warundi wa Clarkston na Stone Mountain, Wasomali Wabantu, Watanzania, na Wakenya ambao wengi wako upande wa Marietta. Mji huu una maigizo na dansi ya kiwango cha juu kabisa, na sehemu kubwa yake iko umbali usiofika kilomita 20 kutoka milangoni petu. Naumia ninapoona tunapita nje ya kumbi hizo tukiwahi zamu ya kazi, tukiamini zimejengwa kwa ajili ya watu wengine.

Hatua ya kwanza: panga njia ya kurudi

Maonyesho mengi ya jioni huanza saa 7:30 au 8:00 za kwenye tiketi, yaani saa moja na nusu au saa mbili usiku kwa hesabu yetu, na watu hutoka kwenye saa nne au saa nne na nusu. Wakati huo treni za MARTA, shirika la usafiri wa umma la hapa, bado zipo. Huendelea hadi karibu saa saba usiku. Shida yetu ni basi. Clarkston haina kituo cha treni, na mabasi ya usiku yana nafasi kubwa kati ya moja na lingine. Mama mwenye mtoto aliyelala begani hawezi kusimama kituoni dakika arobaini kwenye baridi ya Januari.

Dawa yake ni maegesho. Vituo vya Indian Creek na Kensington vina viwanja vikubwa vya kuegesha gari, na maegesho ya siku hiyo hiyo hayalipiwi. Nenda na gari mpaka hapo, hata kama ni gari la jirani mliloshirikiana mafuta, liache, kisha panda treni ya Blue Line kuelekea magharibi. Shuka Five Points, fuata alama za treni ziendazo kaskazini, na utapita Peachtree Center, Civic Center, North Avenue, Midtown hadi Arts Center. Kumbi kadhaa nitakazozitaja hapa ziko hatua chache kutoka moja ya vituo hivyo. Nauli ni dola 2.50 kwenda na 2.50 kurudi, na kubadilisha treni hakuongezi kitu. Linganisha na kuegesha gari Midtown usiku wa Jumamosi, halafu amua mwenyewe.

Kuna jambo moja la kukumbuka wakati wa kurudi: usiku treni ya Red Line huishia Lindbergh, haifiki katikati ya mji. Ukiwa Arts Center au North Avenue subiri Gold Line iendayo Airport, shuka Five Points, kisha chukua Blue Line iendayo Indian Creek. Soma maandishi ya mbele ya treni kabla hujapanda.

Na kama hofu ya usiku bado ipo, nenda mchana. Jumapili kumbi nyingi zina onyesho la alasiri, kwa kawaida saa nane au saa nane na nusu. Ukitoka ibada ya asubuhi unawahi, na saa kumi na mbili jioni uko nyumbani unakoroga ugali. Mimi huwapeleka wageni wa mara ya kwanza Jumapili tu.

Hapo kwenye saa, naomba usome mara mbili. Tiketi ikiandikwa 2:00 PM, mwenye mazoea ya Pwani ataisoma "saa mbili", na atakuja saa mbili usiku. Familia mbili ninazozifahamu zilipoteza tiketi zao kwa namna hiyo, na tiketi za maonyesho hazirudishiwi pesa. Ukituma taarifa kwenye kundi la WhatsApp andika zote mbili: "2:00 PM, saa nane mchana".

Hatua ya pili: zijue kumbi na kilicho ndani yake

Shuka North Avenue, tembea kidogo hadi Mtaa wa Peachtree, utaona jengo ambalo wageni kutoka Unguja na Mombasa hulidhania msikiti: kuba, mnara, matao, matofali ya mistari. Huo ndio ukumbi wa Fox. Ulianza kujengwa uwe makao ya chama cha Washriners, waliopenda kuvaa na kujenga kwa mtindo wa Kiarabu na wa Misri, kisha ukafunguliwa kama jumba la sinema tarehe 25 Desemba 1929. Ndani una siti zaidi ya 4,600. Ukikaa utajiona uko kwenye ua wa kasri usiku: kuta za ngome pande zote, na juu anga ya buluu yenye nyota zinazometameta na mawingu yanayopita. Hapo ndipo zinapokuja tamthilia kubwa za muziki zinazozunguka Marekani baada ya kutoka Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo kule New York.

Nakuomba ukiwa humo uinue macho uitazame roshani ya juu kabisa nyuma. Kwa miongo ya mwanzo, mpaka miaka ya 1960, Mmarekani Mweusi aliyenunua tiketi yake kwa pesa yake hakuruhusiwa kupita mlango mkuu. Alikuwa na mlango wake na ngazi zake, akapanda hadi kule juu, mbali na wengine. Leo utapita mlango wa mbele na wanao. Waambie jambo hilo kabla hamjaingia, ili wajue wanapita wapi. Katikati ya miaka ya 1970 jengo lenyewe lilinusurika kubomolewa, pale kampuni ya simu ilipotaka kiwanja ijenge makao yake. Wenyeji wa mji walichanga fedha na kulikomboa.

Ukiendelea na treni hadi Arts Center, kuvuka barabara tu kuna kituo cha sanaa cha Woodruff. Kimejengwa juu ya msiba. Tarehe 3 Juni 1962 ndege iliyokuwa ikiondoka uwanja wa Orly, Paris, ilianguka, na kati ya waliokufa walikuwamo wapenzi wa sanaa 106 wa Atlanta waliokuwa wakirudi kutoka ziara ya makumbusho ya Ulaya. Mji uliamua ukumbusho wao uwe nyumba ya sanaa, ikafunguliwa mwaka 1968. Humo kuna makumbusho ya High, okestra ya simfoni ya Atlanta, na kundi la maigizo la Alliance.

Alliance ndilo kundi kubwa la maigizo katika mji, nalo lina jukwaa kuu na jukwaa dogo la chini ambako unakaa karibu na waigizaji kiasi cha kusikia pumzi zao. Michezo kadhaa mipya huzaliwa hapa kabla ya kwenda New York. Tamthilia ya muziki iliyotokana na The Color Purple, riwaya ya Alice Walker ambaye ni mzaliwa wa Georgia, ilionyeshwa hapa mwaka 2004, ikaingia Broadway mwaka uliofuata. Mwaka 2007 Alliance ilipewa tuzo ya maigizo ya Tony, ile inayotolewa kwa kumbi zilizo nje ya New York. Katika miaka ya 1990 iliongozwa na Kenny Leon, na mwaka 2002 akaanzisha kundi lingine, True Colors, linaloweka mbele maisha ya Wamarekani Weusi. Mimi nikiwa na pesa ya onyesho moja tu kwa miezi mitatu, naangalia kwanza True Colors wana nini. Wazazi wanaogombana na vijana wao kuhusu nyumba, deni na heshima: hayo hayahitaji mkalimani. Ila wao huonyesha upande wa kusini-magharibi wa kaunti ya Fulton, na treni haifiki, kwa hiyo nendeni kwa gari, wanne au watano pamoja.

Kati ya Fox na katikati ya mji, kwenye Mtaa wa Peachtree huo huo, pana Shakespeare Tavern. Nitairudia hapo mbele.

Little Five Points ni mtaa wa vijana na maduka ya nguo za mitumba, kama dakika kumi na tano au ishirini kwa mguu kutoka kituo cha Inman Park/Reynoldstown. Kuna kumbi mbili ndogo za miaka mingi: 7 Stages iliyoanzishwa mwaka 1979, inayopenda michezo ya kuthubutu, na Horizon ya mwaka 1983, iliyomo ndani ya jengo lililokuwa shule. Huko 7 Stages soma maelezo kabla hujaenda na mama mkwe.

Atlanta Ballet, iliyoanzishwa na Dorothy Alexander mwaka 1929, mwaka ule ule Fox ilipofunguliwa, siku hizi hucheza zaidi kwenye ukumbi wa Cobb Energy, karibu na makutano ya barabara kuu za I-75 na I-285. Kwa Wakenya wa Marietta ni jirani kabisa. Kwetu wa Clarkston ni gari tu, na maegesho hulipiwa.

Hatua ya tatu: chagua onyesho kwa kiasi cha Kiingereza ulicho nacho

Watu wengi hukosea hapa. Hununua tiketi ya mchezo wa maneno matupu, saa mbili na nusu za Kiingereza cha kasi chenye lafudhi ya Kusini, wanatoka wamechoka na hawarudi tena. Fanya kwa mpangilio.

Anza na dansi. Mwili hauna sarufi. Na kama unaweza kuona kitu kimoja tu mwaka mzima, kiwe ni kundi la Alvin Ailey linapokuja Fox, kwa kawaida mwezi wa Februari. Ailey alizaliwa Texas mwaka 1931, akalelewa kwenye kanisa la Kibaptisti la Weusi, na mwaka 1958 akaanzisha kundi lake New York. Mwaka 1960 akatunga dansi iitwayo Revelations, na mpaka leo aghalabu ndiyo inayofunga usiku. Inaanza na watu waliobanana katikati ya jukwaa, mikono imefunguliwa kama mbawa, mzigo uko mabegani. Kisha vinatandazwa vitambaa virefu vyeupe na vya buluu toka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, vinatikiswa, vinakuwa mto, na watu wa mavazi meupe wanaingia kubatizwa chini ya mwavuli mkubwa. Mwisho ni Jumapili asubuhi ya joto: kina mama wenye magauni ya manjano na kofia, wanajipepea, wanaketi kwenye vigoda, wanasengenyana kwa macho, halafu wimbo unapanda na kanisa lote linainuka. Ukumbi mzima hupiga makofi kwa mdundo. Yule jirani yangu wa Uvira, wimbo wa mtoni ulipoanza, alinishika mkono asiuachie mpaka ulipoisha. Hakuna neno alilohitaji nimtafsirie.

Dansi nyingine ya kutafuta ni ya Ballethnic, kundi la East Point lililoanzishwa mwaka 1990 na Nena Gilreath na Waverly Lucas, ambao wote walipitia kundi maarufu la baleti la Weusi la Harlem, New York. Wao huchanganya baleti na ngoma za Kiafrika. Kila mwisho wa mwaka wana Urban Nutcracker yao: kile kisa cha mtoto na mwanasesere wake wa kupasulia njugu wamekihamishia Auburn Avenue ya miaka ya 1940, mtaa wa Weusi ambako Martin Luther King alizaliwa na kukulia. Nutcracker ya Atlanta Ballet ni ya fahari zaidi, mandhari yake yanakufumba mdomo. Lakini kwa mtoto wetu mweusi anayetazama baleti kwa mara ya kwanza, mimi humpeleka kwanza Ballethnic, aone waliomo jukwaani wanafanana na dada yake.

Baada ya dansi, nenda kwenye tamthilia za muziki. Nyimbo hubeba nusu ya kisa, na ukisoma muhtasari wake mapema huachwi nyuma.

Halafu Shakespeare. Najua utashangaa, maana Kiingereza chake kinawatoa jasho hata Wamarekani. Lakini sisi tuna ufunguo. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na Samuel Mushi akatafsiri Makbeth na Tufani, zote miaka ya 1960. Shakespeare Tavern huzungusha tamthilia hizi mara kwa mara. Subiri ratiba ionyeshe mojawapo, soma Kiswahili chake wiki mbili kabla, kisha nenda ukasikilize. Unapomwona Mark Antony, rafiki wa Kaizari, amesimama juu ya maiti yake akiugeuza umati kwa maneno, wewe umeshayasoma maneno hayo kwa Kiswahili cha Mwalimu; unachobaki nacho ni kutazama jinsi mwigizaji anavyofanya kazi yake. Waigizaji wa hapo huongea na watazamaji ana kwa ana, taa za ukumbini hazizimwi kabisa, na mtu huketi mezani. Chakula cha mtindo wa baa za Kiingereza huuzwa kabla onyesho halijaanza na hulipiwa mbali na tiketi, kwa hiyo fika saa nzima kabla kama unataka kula. Asiyekula nguruwe au anayetaka nyama ya halali aulize dirishani, au ale nyumbani kabisa.

Mchezo wa maneno matupu wa kisasa uweke mwisho. Ukumbi mkubwa huwa na siku moja au mbili ambazo maneno yote huandikwa kwenye skrini kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Siku hizo zitatusaidia sana sisi tunaosoma Kiingereza vizuri kuliko tunavyokisikia. Piga simu uulize ni tarehe ipi, na uombe siti inayoiona skrini.

Hatua ya nne: nunua tiketi bila kuibiwa

Andika jina la onyesho kwenye simu na vitu vya kwanza kutokea mara nyingi ni matangazo ya walanguzi. Kurasa zao zina picha ya jengo lile lile na jina linalokaribiana, na bei imepanda maradufu. Nenda kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe. Usipokuwa na uhakika, ipigie simu ofisi ya tiketi au nenda dirishani kwao ana kwa ana. Dirishani pia huwa unaokoa ada za huduma, ambazo kwenye familia ya watu watano zinafika bei ya tiketi ya sita. Usinunue tiketi ya Fox kutoka kwa mtu wa Facebook hata akiwa anaandika Kiswahili safi.

Kuhusu bei, kumbi ndogo kwa kawaida hutoza kati ya dola 25 na 50. Fox kwenye tamthilia kubwa, siti nzuri hupita 100 bila shida. Lakini njia za chini zipo, na hakuna atakayekuambia usipouliza. Siku za kwanza kabisa za mchezo, kabla haujazinduliwa rasmi, bei hushuka. Waigizaji wale wale, mavazi yale yale. Siku za kati ya wiki ni nafuu kuliko Jumamosi. Wanafunzi, wazee na walimu wana bei zao. Mkiwa kikundi, kwa kawaida kuanzia watu kumi, mnapunguziwa na mnakaa pamoja, na hapa ndipo makanisa yetu na vyama vyetu vya kina mama vina nguvu kuliko Mmarekani anayeenda na mkewe tu. Tunachangia harusi na misiba kila mwezi. Kuchangia tiketi kumi na mbili za Ailey hakutushindi. Mtu mmoja akusanye pesa, mtu mwingine ashike orodha, na tarehe ya mwisho ya kuchanga iwe wiki moja kabla ya ile ya ukumbi.

Kuna njia ya bure pia. Kumbi nyingi ndogo huwatumia watu wa kujitolea kupokea tiketi, kugawa vitabu vya onyesho na kuonyesha watu siti zao, na malipo yake ni kutazama onyesho. Kijana wa miaka kumi na saba anayetaka kuzoesha Kiingereza chake hana shule nzuri zaidi ya hiyo. Na vyuo vikuu usivisahau: Emory, Spelman, Georgia State na Kennesaw State vyote vina maonyesho ya wanafunzi wa dansi na maigizo, mara nyingi kwa bei ndogo au bila malipo.

Siti nayo ina akili yake. Kwenye maigizo kaa karibu, uone macho. Kwenye dansi usikimbilie mstari wa mbele. Utaona miguu na jasho, hutaona mistari wanayoichora sakafuni. Panda juu kidogo, mbele ya roshani, hapo ndipo dansi inaposomeka. Fox siti za nyuma kabisa chini zimefunikwa na roshani, na ile anga ya nyota hutaiona vizuri. Siti za juu kabisa ni za bei ndogo, lakini ngazi ni nyingi na kali. Kwa mzee mwenye magoti mabovu sema wakati wa kununua, siyo mkishafika.

Kama tiketi hukuipokea kwenye simu, utaikuta kwenye dirisha lililoandikwa Will Call. Nenda na kitambulisho chenye jina lile lile lililonunua.

Hatua ya tano: fika mapema

Mara yangu ya kwanza nilichelewa dakika kumi na mbili. Milango ilikuwa imefungwa. Mhudumu, kwa upole kabisa, alinisimamisha kwenye korido, na nikatazama sehemu yote ya kwanza kwenye kijiluninga kilichotundikwa ukutani, nimevaa kitenge changu kipya. Onyesho hapa huanza kwa dakika iliyoandikwa. Aliyechelewa husubiri mpaka pawe na nafasi ya kuingia bila kuwasumbua wengine, na kuna maonyesho ambayo nafasi hiyo haipo hadi mapumziko. Hesabu hivi: kutoka Indian Creek hadi kitini jipe saa moja na nusu. Humo mna treni mbili, foleni ya kukaguliwa mikoba mlangoni, na foleni ya choo cha wanawake, ambayo popote duniani ni ndefu.

Nguo vaa uipendayo. Utawaona wenye suti na wenye jinzi katika mstari mmoja. Kitenge, dera, kanzu, vyote vinapendeza. Ila chukua sweta hata Julai, kwa sababu viyoyozi vya kumbi hizi havina huruma.

Hatua ya sita: simulia kisa kabla, si wakati wa onyesho

Mkosi mkubwa wa familia zetu ukumbini ni kutafsiriana. Bibi anauliza "amesema nini?", mjukuu anamjibu kwa mnong'ono, wa mbele anageuka, mhudumu anakuja na tochi. Bibi ana haki ya kuelewa. Basi mpe kisa chote nyumbani au kwenye treni. Kutoka Indian Creek hadi Arts Center mna muda wa kutosha kwa hadithi nzima: nani ni nani, nani anamtaka nani, siri ni ipi, na mambo yanaishaje. Usiogope kumwambia mwisho. Hadithi zetu za paukwa pakawa tulizisikia mara mia tukijua mwisho wake, na bado tulikuwa tukiomba zirudiwe. Bibi anayejua kisa humtazama mwigizaji. Asiyejua hukutazama wewe.

Simu izimwe kabisa. Mtetemo husikika, na mwanga wake huonekana mpaka jukwaani. Kupiga picha au video wakati wa onyesho hairuhusiwi, hata kwa ajili ya Status. Picha za jengo na za nguo pigeni kabla.

Kuhusu makofi na kelele, hakuna sheria moja. Kwenye baleti watu hupiga makofi mchezaji akimaliza kipande chake kigumu. Kwenye mchezo mzito wa Alliance hunyamaza hadi mwisho. Kwenye maonyesho ya Weusi utasikia watu wakiitikia, wakicheka kwa sauti, wakisema "ndiyo mama" kwa Kiingereza chao, na hapo nawe uko nyumbani. Vigelegele? Mwisho kabisa, waigizaji wanapoinama, piga. Nimeona wachezaji wakiinua vichwa wakitafuta sauti ile imetoka wapi, wakitabasamu. Tusiloweza kulibeba kutoka kwetu ni kutuza: usipande jukwaani na noti kama kwenye taarabu. Ukitaka kutuza, peleka maua kwenye mlango wa nyuma wanakotokea wasanii, au toa mchango kwenye kundi.

Hatua ya saba: watoto

Kabla ya kununua uliza umri unaoruhusiwa, na uliza pia kama mtoto wa mapajani anahitaji tiketi yake. Mara nyingi anahitaji.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha vikaragosi, Center for Puppetry Arts, Mtaa wa Spring, mwendo mfupi wa miguu kutoka Arts Center. Mwaka 1978 kilipofunguliwa, utepe ulikatwa na Jim Henson, mtengenezaji maarufu wa vikaragosi, akiwa na chura wake Kermit. Maonyesho ni mafupi, yanaeleweka kwa macho, na watoto wana chumba cha kutengeneza kikaragosi chao wenyewe. Kina makumbusho yenye vikaragosi kutoka pande nyingi za dunia, Afrika ikiwemo. Alliance nao wana maonyesho ya watoto wadogo kabisa, wasiofika miaka mitano, ambako mtoto akilia au akitambaa hakuna anayekasirika, kwa sababu onyesho limetengenezwa likitarajia hivyo.

Na kama mtoto wako akirudi nyumbani akaanza kuruka kwenye kochi akiigiza aliyoyaona, kuna mlango mwingine. Moving in the Spirit, shirika linalofundisha vijana dansi tangu 1986, liko pembeni kabisa ya kituo cha treni cha Edgewood/Candler Park. Ukipanda Blue Line Indian Creek ni kituo cha tano baada ya hapo, hubadilishi treni. Ulizia nafasi kabla shule hazijafunguliwa Agosti, na usione haya kuuliza kuhusu nafuu ya ada. Mpeleke wewe mwenyewe mara mbili tatu za kwanza, umwonyeshe alama za kituo na upande wa kusubiri treni ya kurudi, mkae pamoja kwenye benchi mpaka atakapokuambia yeye ni treni ipi inayokwenda nyumbani.